Don Williams wa Karatu

Basi bwana, Julai 2022 nilitumwa Ngorongoro. Kazi yenyewe nyepesi tu: watalii wanarudi baada ya korona, nenda kaongee nao, piga picha, leta maneno 800. Tukalala Karatu, maana kule juu ukingoni bei za hoteli si za mwandishi wa habari.

Karatu mwezi wa saba ni baridi, we acha tu. Jioni dereva wetu, Mmasai wa makamo, akasema anajua sehemu wanapoota moto. Baa ndogo, jiko la mkaa katikati, madereva wa utalii wamejaa na makoti yao. Kwenye TV kulikuwa na tamasha la Wamarekani wenye nywele ndefu, lile la kuwaenzi Lynyrd Skynyrd lililofanyika Atlanta Novemba 2014. Magitaa juu ya magitaa. Gregg Allman naye yumo, mzee tayari (alifariki 2017). Mimi nikaanza kunogewa. Madereva hawana habari kabisa. Mmoja akauliza, "Hivi hawa wanaimba au wanagombana?"

Dereva wetu akatoa flashi mfukoni. "Weka Don."

Nikajua tunawekewa ile filamu ya Kihindi. Kumbe Don Williams! Tamasha lake la Harare, 1997. Kofia yake, gitaa lake, sauti ya chini kama mtu anayeongea na mgeni sebuleni. Kamera ikigeukia watazamaji unawaona Wazimbabwe, weusi kwa weupe, wanaimba naye. Na baa nzima ikaanza kuimba. Watu ambao mchana kutwa wanatumia Kiingereza kutaja majina ya ndege, sasa wamefumba macho wanaimba mapenzi ya Texas.

"Mpaka nilipouona mkanda huu nilijua ni Mzambia," dereva akaniambia. Nikacheka, ila ukifikiri hakukosea sana. Tanzania Bara hatukuwa na TV mpaka 1994. Hawa waimbaji tuliwajua kwa kaseti na redio, sauti bila sura. Jim Reeves alikufa kwa ajali ya ndege 1964 na bado yupo kwenye mabasi yetu. Nairobi kuna Elvis Otieno, wanamwita Sir Elvis, amejijengea jina kwa kuimba muziki huu huu. Sijawahi kumpata mtu wa kunieleza vizuri ni kwa nini sisi. Nadhani ni kwa sababu wanaimba taratibu, maneno yanasikika, na karibu kila wimbo kuna mtu yuko mbali na kwao.

Asubuhi tukapita geti la Lodoare, ukungu mzito, gari linapanda kona kwa kona. Dereva anaimba kwa chini, "Lord, I Hope This Day Is Good", ule wa 1981. Nikamuuliza unamgusa nini. Akasema ombi lenyewe ni dogo, siku ya leo tu iwe njema.

Pale wanaposimama watu wote kutazama kreta, ukungu ulikuwa bado haujafunguka, kwa hiyo hatukuona kitu. Wageni wa gari la jirani wakawa wanapiga picha za weupe mtupu. Tukasubiri. Ndipo akaanza kunisimulia.

Yeye mzaliwa wa Endulen, ndani ya hifadhi. Kaka yake mkubwa alijiandikisha, akaondoka mwezi wa sita na misafara ya Msomera, Handeni, kilomita kama 600 kutoka pale. Alipewa nyumba ya vyumba vitatu kwenye ekari mbili na nusu, na shamba la ekari tano. Serikali ilisema ni kwa hiari. Wengine walikuwa wanapinga vikali. Mama yao akakataa kwenda. Yeye aliletwa Ngorongoro akiwa mtoto, Wamasai walipotolewa Serengeti 1959, na akawaambia wanawe kwamba kuhamishwa mara moja kunamtosha.

"Kaka ananipigia kila Jumapili," akasema. "Nyumba ni nzuri, halalamiki. Ila ananiuliza mvua. Anauliza ng'ombe wa jirani, kwa majina." Akanyamaza kidogo. "Kaseti ya kwanza ya Don ni yeye aliinunua. Arusha. Aliuza mbuzi."

Halafu akaniuliza, "Utaandika?"

Nikasema nitaona.

Ukungu ukafunguka, tukashuka chini, tukaona simba wawili na faru kwa mbali sana. Wageni wakafurahi, nami nikapata maneno yao.

Niliporudi nikaandika watalii. Msomera mwezi ule ilikuwa habari ya moto na kila mtu anajua moto unavyounguza. Hakuna mhariri aliyenikataza. Nilijikataza mwenyewe, kabla hata sijafungua kompyuta. Nikaweka simba, nikaweka ukungu, nikaweka Mjerumani mmoja aliyesema Ngorongoro ni peponi.

Habari ilipotoka nikamtumia dereva. Akajibu usiku: "Imekaa vizuri dada. Don hukumweka."

Nikamwandikia kwamba nafasi ilikuwa ndogo. Haikuwa kweli. Niliombwa maneno 800, nilipeleka 640.