Kilichobaki Baada ya Maji

Daktari hakuchukua hata dakika tano kuiondoa chumvi nyumbani kwetu. Mama alikuwa amepata kiharusi chepesi mwezi wa Aprili, presha ilikuwa juu, na maelekezo yalikuwa matatu: dawa kila siku, mazoezi ya mkono wa kulia, chumvi ipungue. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asifikishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai, na hapo imehesabiwa ile iliyojificha ndani ya mkate na vyakula vya pakiti. Daktari akauliza kama tunatumia viungo vya mchuzi vya dukani. Mama akatazama dirishani. Nikajibu mimi kwamba tunatumia.

Kila nyumba ninayoijua hapa Dodoma inavyo, vile vya mraba vilivyofungwa kwa karatasi inayong'aa. Geuza pakiti usome viambato. Kilicho kingi ndicho hutajwa kwanza, na mara nyingi sana kinachotajwa kwanza ni chumvi. Nikavitoa jikoni vyote jioni ileile.

Wiki mbili zilizofuata zilikuwa ngumu kuliko zile za hospitali. Mimi ndiye niliyekuwa napika, kwa sababu kaka yangu anafanya kazi Mwanza na mkono wa mama ulikuwa bado haushiki mwiko. Napika maharage, anakula matonge matatu, anasogeza sahani. Napika mchicha, vivyo hivyo. "Nimeshiba, mwanangu." Gauni la kanisani likaanza kumpwaya mabegani. Dawa zake zinatakiwa zimezwe baada ya chakula, na chakula hakipo. Kaka alikuwa akipiga simu na kusema, "Mwambie ajikaze." Nikawa napokea simu nikiwa nje ili mama asisikie.

Siku moja nilipokuwa nafua, nikakuta amefunga chumvi kwenye pindo la kanga, kama watu wanavyofunga hela ya sadaka. Nikamwonyesha. Hakuona aibu hata kidogo. "Wewe unanipa chakula cha wodini," akasema. "Mimi nimetoka wodini."

Alikuwa na haki. Chumvi kwenye sufuria yetu ilikuwa inafanya kazi nyingi kwa wakati mmoja: inaamsha nyanya, inafukuza uchungu wa mboga, inafanya maji yaliyochemka yaonekane kama mchuzi. Nilikuwa nimeondoa mfanyakazi mmoja anayefanya kazi za watu wanne, na nafasi zake zote zilikuwa wazi. Swali likawa ni nani atazijaza.

Nikaanza kusoma usiku. Mwaka 1908 mkemia wa Kijapani, Kikunae Ikeda, alitaka kujua supu ya mwani wa kombu inapata wapi utamu ule ambao si wa sukari, si wa chumvi, si uchachu wala uchungu. Akautoa glutamati ndani yake, na ladha hiyo akaiita umami. Mwaka 1913 mwanafunzi wake, Shintaro Kodama, akakuta kitu kingine, inosinati, kwenye samaki waliokaushwa. Baadaye ikajulikana kwamba vitu hivyo viwili vikikutana, ladha yake haijumlishwi tu; inazidishwa. Nyanya iliyoiva ina glutamati. Samaki mkavu ana inosinati. Nikacheka peke yangu saa saba ya usiku, maana nilikuwa nasoma maelezo ya kisayansi ya dagaa wa nyanya.

Tatizo la nyanya ni maji. Zaidi ya sehemu tisa katika kumi za nyanya ni maji matupu. Kilo kumi ukizikausha kabisa zinabaki gramu mia sita au mia saba, zinazoingia kwenye chupa moja. Lakini kila kilichokuwa kimetawanyika ndani ya zile kilo kumi, uchachu, utamu na hiyo glutamati, kiko mle chupani. Hicho ndicho nilichokuwa nakitafuta: ladha isiyo na maji na isiyohitaji chumvi kuipaza sauti.

Mwezi Juni nyanya zilishuka bei soko la Majengo. Nikanunua ndoo mbili. Kiangazi cha Dodoma ni kaushio la bure: mvua imekwisha, hewa ni kavu, upepo hautulii. Nikakata nyanya vipande vyembamba, nikatoa mbegu na yale majimaji, nikazipanga juu ya wavu safi niliouwamba kwenye fremu ya mbao, nikafunika na kipande cha chandarua kipya kwa ajili ya nzi na vumbi. Wavu unahitajika ili hewa ipite juu na chini. Ukianika kwenye bati tupu, upande wa chini unabaki umelowa. Jua likizama unaingiza ndani, maana usiku kipande kikavu hunywa unyevu tena.

Mama alikuwa ameketi kibarazani akinitazama. Siku ya pili akasema, "Vitunguu usivianike hapo. Na hayo majani ya giligilani peleka kivulini."

"Kwa nini kivulini?"

"Jua linaua rangi. Rangi ikifa, na uzuri wake umekufa."

Nilikuwa nimesoma jambo hilohilo usiku uliopita kwa maneno marefu zaidi: mwanga mkali wa jua huharibu karotini, ile ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, kwa hiyo majani ni bora yakaushwe kivulini penye upepo. Yeye alilijua kutoka kijijini kwao, wilaya ya Bahi, kwa sababu ya mlenda. Huku kwetu Ugogoni mvua ni za msimu mmoja. Majani huja kwa wingi masika, halafu miezi mingi hakuna kitu. Basi wanawake huchuma, hukausha, hutwanga, na unga ule huwekwa kwa ajili ya kiangazi. Mlenda wa unga ndio ulionilea. Nilikula kwa bibi kila likizo, na sikuwahi kuuweka kundi moja na vile vichupa vya unga wa kitunguu vinavyouzwa kwa bei kubwa kwenye maduka ya mjini. Ni kitu kilekile: chakula kilichotolewa maji, kikasagwa, kikasubiri.

Kuanzia siku hiyo nilikuwa msaidizi. Mama aliketi, akaamuru. Vitunguu vikatwe vyembamba, viwekwe mbali na vingine kwa sababu vinaambukiza harufu. Vitunguu saumu vikatwe vipande badala ya kusagwa vibichi. Tangawizi ikwanguliwe maganda, ikatwe kwa kukingama nyuzi, la sivyo ukisaga unabaki na manyoya. Na kipimo kikawa kimoja kwa vyote: shika kipande, kivunje. Kikipinda, bado. Kikilia ka, tayari.

Kipimo hicho si cha mapambo. Ukungu unahitaji unyevu ili uishi, na mkoa wetu unajua gharama yake: mwaka 2016 sumukuvu kwenye mahindi iliua watu Dodoma na Manyara. Kwa hiyo kila kilichokauka tulikiweka kwanza kwenye chupa ya kioo kwa wiki moja kabla ya kukisaga, tukiitikisa kila asubuhi. Vipande vikianza kushikana au ukungwi wa maji ukitokea kwenye kioo, vinarudi juani. Chenye ukungu kinatupwa chote, hakikwanguliwi.

Kisha wakaja dagaa. Hapa palihitaji uangalifu, kwa sababu dagaa wa baharini mara nyingi huchemshwa kwenye maji ya chumvi kabla ya kuanikwa, na tungekuwa tumemrudisha mlangoni yule tuliyemfukuza dirishani. Tukachukua wa ziwani, wale wa kukausha kwa jua tu, na tukamwuliza muuzaji mara mbili. Dagaa wanavunjwa vichwa na kutolewa matumbo, la sivyo unga unakuwa mchungu. Wanaoshwa upesi kuondoa mchanga, wanaanikwa tena, wanakaangwa bila mafuta mpaka wakauke karakara.

Mtaalamu wa mazoezi ya viungo alikuwa amempa mama kazi ya kuokota maharage kwa kidole gumba na cha shahada, moja baada ya jingine, kutoka bakuli hadi bakuli. Mama aliidharau kazi ile. "Naokota maharage ya kwenda wapi?" Lakini kilo moja ya dagaa ni vichwa vingi sana. Nilimwekea ungo magotini bila kusema neno. Alianza kwa mkono wa kushoto, kwa mazoea mapya. Baada ya muda nikaona wa kulia umeingia ungoni. Ulikuwa mzito, ulikuwa unakosa, dagaa mmoja ulichukua muda wa kumvunja kumi kwa mkono mzima. Sikumtazama sana. Tulimaliza kilo ile kwa siku tatu.

Kusaga tulisaga kwa blenda kidogo kidogo, na dagaa tukawatwanga kwenye kinu, kisha vyote tukavichekecha. Unga wa nyanya ndio msumbufu, kwa sababu una sukari na unavuta unyevu wa hewa. Ukiacha chupa wazi tangu asubuhi, jioni una jiwe. Punje za mchele zilizokaangwa kidogo, zikifungwa kwenye kitambaa na kuwekwa ndani ya chupa, husaidia.

Mchanganyiko wenyewe tuliuhangaikia wiki nzima. Sehemu mbili za nyanya, moja ya kitunguu, nusu ya dagaa, kidogo cha vitunguu saumu, tangawizi ya kunusia tu. Mama alionja kwenye kiganja. "Kuna kitu hakijafika." Akaonja tena. "Kinaanza vizuri halafu kinakaa chini." Nikaleta pilipili manga, akasema hapana. Nikaleta limao, akasema ni la maji, litaharibu unga. Kisha akasema, kama mtu anayekumbuka mahali alipoweka funguo, "Ubuyu."

Mbuyu hauhitaji wavu wala chandarua. Tunda lake hukaukia juu ya mti, na ukilipasua unakuta unga tayari umeshika mbegu, mweupe, mchachu. Hapa kwetu mibuyu imejaa, na tunda tumeliachia watoto na uji. Tukapepeta, tukatia kijiko kimoja. Uchachu una tabia moja nzuri: unaufanya ulimi uione hata chumvi kidogo kana kwamba ni nyingi. Mama akaonja na kukaa kimya.

"Na magadi?" akauliza ghafla. "Daktari alisema kitu juu ya magadi?"

Daktari hakusema. Lakini magadi yana sodiamu, ileile iliyomo kwenye chumvi, na sisi tunayatia kwenye mlenda, kwenye maharage, kwenye kisamvu. Ni mama aliyeifikia hiyo, si mimi wala karatasi ya hospitali. Akayatoa jikoni mwenyewe, na maharage tukaanza kuyaloweka usiku kucha.

Jioni ya mlo wa kwanza nilipika maharage yaleyale aliyoyakataa. Vijiko viwili vya unga wetu, chumvi ya kubana kwa vidole, mafuta kidogo. Sitadanganya kwamba yalikuwa sawa na ya zamani. Rangi ilikuwa ya kahawia zaidi, na dagaa walisikika. Mama alikula sahani nzima, akafuta kwa ugali, kisha akasema unga wa tangawizi umezidi. Nilifurahia lawama hiyo kuliko sifa yoyote. Mtu aliyekata tamaa hasemi tangawizi imezidi. Anasema ameshiba.

Vidonge vyake bado anameza, na kliniki tunakwenda kila mwezi. Kabla hatujaanza tulimwuliza daktari kuhusu figo, kwa sababu nyanya iliyokaushwa ina potasiamu nyingi na mwenye figo mbovu haimfai. Za mama ni nzima. Unga wetu si dawa, na majirani wanapokuja kuuomba kama dawa, mama huwaambia hivyo kwa ukali. Anawapa, lakini anawaambia.

Nafikiri sana juu ya lishe ya mgonjwa tangu wakati ule. Karatasi tuliyopewa ilijaa maneno ya kuondoa: punguza, epuka, usitumie. Haikuwa na neno hata moja la kuongeza. Mgonjwa alishapungukiwa na mkono, na kazi zake, na safari zake za sokoni. Kisha tunamfuata hadi kwenye sahani na kumpunguzia na hapo. Mtu huyo akificha chumvi kwenye kanga, anatetea eneo la mwisho ambalo bado linamtii.

Mwezi uliopita kaka alikuja likizo na mke wake na watoto. Mama aliwaandalia chupa nne za kurudi nazo Mwanza. Mimi nilijaza, yeye aliandika vibandiko, kwa mkono wa kulia, herufi kubwa zinazopanda na kushuka: NYANYA. KITUNGUU. DAGAA. Kwenye ya nne, ile ya mchanganyiko, hakuandika jina lolote. Kaka akauliza hiyo ni nini. "Muulize mdogo wako," mama akasema, "ila vipimo asikupe vyote."