Kisu cha Kukunja

Visu vya kukunja ni vingi, lakini wenye visu ni wachache. Anunuaye kisu hupata chuma na mpini. Makali ya kesho ni kazi ya mikono yake mwenyewe.

Mwaka 1890, katika milima ya Savoie, Ufaransa, Joseph Opinel alibuni kisu chepesi cha mpini wa mti. Mwaka 1891 Karl Elsener wa Uswisi alianza kulipatia jeshi la nchi yake kisu chenye zana kadhaa katika mpini mmoja. Vikilinganishwa, hiki husifiwa kwa wingi wa kazi, kile kwa wembamba wa bapa lake.

Walakini kila sifa ina deni lake. Bapa la chuma cha kaboni hunoleka upesi, lakini likiachwa na maji hushika kutu. Mpini wa mti ukilowa huvimba, ukalibana bapa lisifunguke. Bapa lisilo na kizuizi laweza kurudi ghafula likakata vidole. Ndiyo sababu mwaka 1955 kisu cha Opinel kilitiwa pete ya kuzungushwa ili kulikaza.

Matunzo yake si mazito: kukifuta baada ya kazi, kutia tone la mafuta katika kiungo, na kukinoa juu ya kinoo kwa mwinamo ule ule pande zote mbili. Apuuzaye hayo hujifugia adui mfukoni, kwa maana kisu butu hudai nguvu, na nguvu ikiteleza hutoka damu.

Wahenga walisema mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama. Hawakusema mwenye kisu cha ghali.