Mashine ya Kuchanganya Sauti

Likizo iliyopita nilimsindikiza bibi yangu kutoka milima ya Uluguru hadi studio moja mjini Morogoro, ili nyimbo zake zirekodiwe. Sauti yake imekuwa nyembamba, na ngoma ziliimeza. Lakini katika mashine ya kidijitali kila maikrofoni ina njia yake. Fundi akapandisha sauti ya bibi, akashusha ngoma. Vipimo vikahifadhiwa, na siku ya pili vilirudi kwa kubonyeza kitufe kimoja. Siku za Salum Abdallah wa Cuban Marimba, aliyefariki mwaka 1965, bendi ilirekodi kwa pamoja. Mmoja akikosea, wote walianza upya. Hata hivyo, mashine haijui maneno ya nyimbo. Wenzangu, wanaoyajua ni wazee wetu. Tuwaendee wangali hai.