Ng'ombe wa mahari yangu wamegeuka Santa Fe!

Kwetu Ugogoni kijana anayetaka kuoa haulizwi ana simu ya aina gani wala anajua kuvaa vipi. Anaulizwa ng'ombe. Kama huna, wazee watakunywa pombe yako, watakushukuru vizuri sana, na binti utamwacha palepale ulipomkuta. Sasa mimi mshikaji wenu nilikuwa nao 18, marehemu baba aliwaacha mikononi mwa baba mdogo hapa Mvumi. Narudia: nilikuwa nao. Wamebaki wanne. Wengine 14 wameingia kwenye gari la Kikorea.

Mvumi si wageni wa kuaga mifugo. Mwaka 1986 mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, ule wa HADO, uliondoa mifugo tarafani kwetu kwa sababu ardhi ilikuwa inakwisha kwa mmomonyoko. Makorongo bado yapo, mengine unaweza kuficha basi ndani. Wazee wanaisimulia habari ile kama msiba. Lakini wale waliondoka kwa amri ya serikali, hawa wangu wameondoka kwa sababu baba mdogo aliiona Santa Fe ikikata mitaa ya Dodoma mjini, ikamkaa rohoni.

"Mwanangu, wewe umefika kidato cha nne," akaniambia. "Twende ukanitazamie injini."

Hasira ninazo, lakini ng'ombe wameshauzwa. Bora wageuke gari linalotembea kuliko banda la kuku. Nikaenda.

Dalali alikuwa na mbili, zote za kizazi cha pili kilichoanza mwaka 2006, zote zimetoka Uingereza. Korea wenyewe wanaendesha upande wa kulia wa barabara, usukani wao uko kushoto, ndiyo maana kwetu gari hizi ni chache ukilinganisha na Toyota za Japani. Na uchache wake ndio ugonjwa wa kwanza. Spea ya RAV4 unaokota kila kona, ya Santa Fe unampigia mtu simu Dar.

Moja ilikuwa petroli, V6 ya lita 2.7. Loo! Ukiiwasha utadhani imezimwa. Nguvu za farasi 180 na ushee, baba mdogo akafunga macho kama anasikiliza kwaya. Nikamuuliza kitu kimoja tu: baba, nani atainunulia petroli kila wiki? Silinda sita kwenye mchanga wa makorongo zinakunywa kama mgeni wa harusi.

Ya pili dizeli, lita 2.2. Farasi ni kama 150 hivi, pungufu ya yule wa petroli, ila kwa kuvuta mzigo taratibu dizeli inamwacha mbali. Alizeti, karanga, mgonjwa wa kupelekwa hospitali ya Misheni, hiyo ndiyo kazi ya huku.

Dalali kuona tunasita akaleta la tatu, jipya zaidi, petroli ya 2.4. Hapo nikampa kisa. Mwaka 2015 na tena 2017, Hyundai na Kia waliita magari zaidi ya milioni moja Marekani, zikiwemo Santa Fe na Sorento, kwa sababu injini za 2.4 na 2.0 za huko zilibakiwa na vipande vya chuma kiwandani. Vinaziba njia ya oili, beringi zinaungua, injini inakufa barabarani. Mhandisi wao mwenyewe, Kim Gwang-ho, ndiye aliyepeleka taarifa kwa Wamarekani, na Novemba 2021 wakamtuza zaidi ya dola milioni 24. Hesabu mwenyewe ni ng'ombe wangapi! Si kila 2.4 ni mbovu, lakini ya dalali nani ataifungua atazame ndani?

Tukachukua dizeli. Nayo ina makuu yake. Siyo dizeli ya trekta la zamani. Pampu yake inasukuma mafuta kwa presha zaidi ya mara elfu moja ya hewa hii tunayovuta, nozeli zina matundu membamba sana. Tone la maji au mafuta ya taa, nozeli kwaheri. EWURA ilianza kutia vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010 kupambana na wachakachuaji, ila dumu la kijijini, limefunikwa kwa gunzi, nani atakuambia limepita wapi? Baba mdogo sasa anajaza mjini tu. Filta anaimwaga maji mwenyewe, kwa upole ambao shangazi anasema hajawahi kuuona nyumbani.

Gari linakodiwa, pesa kidogo inapatikana, na ameshanirudishia mitamba miwili. Jumla sita. Baba wa binti anataka 12. Mwenzangu yuko kwenye duka la dawa mjini, mwaka wa pili huu ananingoja, na posa nyingine imeshapigwa hodi kwao. Kutoka Iringa, mwenye Prado!

Mwezi uliopita tulikwenda kwa mzee kuomba muda. Akalizunguka gari mara mbili, akaligonga boneti.

"Hili linazaa?"

Baba mdogo akajibu kwamba linazaa polepole. Mzee hakucheka. Ametupa mpaka mavuno ya alizeti.