NILIVYOSOMA ULAYA (SEHEMU YA 4): Tembo wa dirishani

Mlioniulizia sehemu ya nne, haya, vuteni kigoda.

Kwa mgeni wa leo: ndiyo, mwenzenu nimesoma Ulaya. Ila sikupanda ndege. Ulaya yangu ni kata ya wilaya ya Kilosa, mkoani Morogoro, kwenye barabara ya kutoka Kilosa kwenda Mikumi. Kuna Ulaya Mbuyuni na Ulaya Kibaoni. Nilipelekwa huko fildi nikiwa mwaka wa pili wa diploma ya uuguzi. Nilipompigia mama kumwambia nimepangiwa Ulaya, alipiga kigelegele mpaka jirani akatoka nje. Nilipomwelewesha akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Sasa huko Ulaya kwenyewe maji yapo?"

Maji yalikuwepo, ila ya kufuata na ndoo. Saa kumi na moja alfajiri nimeshaamka. Asubuhi ni kliniki: watoto wanalia kwenye mzani wa kuning'iniza, chanjo, kupima presha za wajawazito, kuandika kadi. Mama mmoja aliyehamia kutoka Kilosa mjini nilimuuliza mwanawe kazaliwa lini, akanijibu, "Wiki mbili kabla ya mafuriko." Alimaanisha yale ya Desemba 2009 na Januari 2010, Mto Mkondoa ulipofurika ukabomoa nyumba na reli ya kati. Jioni nakaa uani na mama mwenye nyumba tunachambua mboga, ananifundisha maisha.

Wikiendi ndiyo ilikuwa raha yetu wanafunzi. Wiki hii tunakwenda Kilosa, tunazurura sokoni, tunakula chipsi, tunarudi na sabuni. Wiki ijayo ni Mikumi. Hifadhi ya Mikumi ipo tangu 1964, ina kilomita za mraba 3,230, na barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Iringa inapita katikati yake. Sasa hela ya kiingilio na gari la kutembeza watalii tungeitoa wapi? Tulikuwa na ujanja wetu. Unafika Mikumi mjini, unapanda basi la kwenda Morogoro, unakaa dirishani. Kwa kama kilomita 50 hivi unaangalia twiga, swala, nyati na punda milia, unashukia Doma, unapanda lingine unarudi. Utalii wa nauli tu!

Basi kuna Jumamosi moja nataka niwaeleze, na sijawahi kuiandika.

Nilikuwa kituoni nasubiri gari la Mikumi, begi mgongoni, wenzangu wananicheka nilivyojipaka mafuta. Akaja dada mmoja mbio mbio. Nilimfahamu, wifi yake alikuwa anahudhuria kliniki kwetu, mimba ya kwanza, miezi minane. Akaniambia, "Nesi, wifi anaumwa kichwa tangu jana. Uso umemvimba, na anasema anaona kama vimulimuli."

Gari ndiyo lilikuwa linakaribia. Nikamjibu harakaharaka, "Ni uchovu huo, mimba imekuwa kubwa. Mpe panadol, alale, Jumatatu aje kliniki." Nikapanda.

Jamani, darasani tulishafundishwa hizo dalili. Mtihani nilikuwa nimeujibu na maksi nilipata. Ila siku hiyo kichwani mwangu kulikuwa na tembo.

Na tembo nikawaona. Familia nzima karibu na barabara, mtoto katikati ya miguu ya mama yake. Nilipiga picha mpaka simu ikazima.

Nilirudi Jumapili jioni. Mama mwenye nyumba ndiye aliyenipa habari. Yule dada hakuridhika na jibu langu. Gari letu lilipoondoka tu, alikwenda moja kwa moja nyumbani kwa mganga mfawidhi akagonga mlango. Wakamleta mgonjwa, presha ikasoma 170 kwa 115. Wakati wanamwandaa, degedege likaanza. Kifafa cha mimba. Wakamchoma sindano ya magneziamu, wakatafuta gari, akakimbizwa Kilosa. Mtoto alizaliwa kabla ya siku zake, kidogo sana, akafungwa kifuani kwa mama yake, ngozi kwa ngozi, mpaka akapata uzito. Wote wawili walipona.

Wiki iliyofuata nilikutana na yule wifi mtu kisimani. Nilikuwa nimejiandaa kutukanwa. Akanitua ndoo, akaniuliza kwa upole kabisa, "Nesi, mlirudi salama? Tembo mliwaona?" Nikashindwa kujibu. Angenitukana ningepumua.

Nilimwomba msamaha siku hiyo hiyo, na machozi yakanitoka. Alichonijibu: "Mimi nilijua tu wifi yangu hayuko sawa."

Mama, ndiyo maana leo naandika. Ukiwa na mimba, hasa kuanzia mwezi wa tano, na hata wiki sita za mwanzo baada ya kujifungua, dalili hizi usizilalie:

– kichwa kikali kisichoisha
– kuona ukungu, nyota au vimulimuli
– uso na mikono kuvimba ghafla
– maumivu makali juu ya tumbo, chini ya mbavu

Nenda kituoni siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku, hata kama kliniki yako ni Jumatatu. Omba upimwe presha na mkojo. Presha ya 140 kwa 90 au zaidi si ya kurudi nayo nyumbani bila maelezo. Na nesi akikujibu harakaharaka kama nilivyojibu mimi, usione aibu. Uliza tena. Kagonge mlango mwingine.

Na wewe wifi, shemeji, mama mkwe unayeishi na mjamzito: mtu akishikwa na degedege hawezi kujisemea. Wewe ndiye mdomo wake.

Picha za tembo zilipotea na ile simu. Ila sasa hivi mjamzito akiniambia kichwa kinamuuma, hata kama zamu yangu imeisha na begi nimeshavaa, naliweka chini kwanza, nachukua mashine ya presha.

Sehemu ya tano Jumapili ijayo, Mungu akipenda. Nitawasimulia harusi niliyoalikwa Kilosa nikaishia kumzalisha mgeni mwenzangu.