Dola 70 za mchezo wa video zinakwenda wapi?

Siku hizi vijana wetu wakirudi kutoka kucheza PlayStation pale mtaani, mazungumzo ni yale yale: mchezo mpya umetoka, bei yake dola 70. Sisi tunaotoa likelemba franga kwa franga huwa tunashangaa. Dola 70 kwa kitu kisicholiwa wala kuvaliwa! Ndiyo sababu tuliona vema tutafute kujua pesa hiyo inalipia nini.

Hapa kwetu tukisikia habari za vyombo vya elektroniki, mawazo yanakwenda moja kwa moja kwenye koltani. Lakini katika mchezo wenyewe, kitu ghali kuliko vyote ni muda wa watu. Kuna wanaochora nyuso, nyumba na majani ya miti. Kuna wanaoandika programu, wanaotunga muziki, waigizaji wanaotoa sauti, na wale wanaocheza kutwa nzima wakitafuta makosa. Wengi wao wanalipwa mshahara kila mwezi, miaka kadhaa kabla mchezo haujauzwa hata mmoja.

Makampuni huficha hesabu hizi. Ila mwaka 2023, serikali ya Marekani ilipokuwa mahakamani kujaribu kuzuia Microsoft isinunue Activision Blizzard, Sony ilileta karatasi ambazo tarakimu zake zilifunikwa kwa wino mweusi. Wino haukufunika vizuri, watu wakasoma. The Last of Us Part II, mchezo wa 2020, uligharimu dola milioni 220 hivi. Horizon Forbidden West wa 2022 ulikula dola milioni 212, kwa miaka mitano, na watu 300.

Shawn Layden, aliyewahi kuongoza studio za PlayStation, alieleza mwaka 2020 kwamba kila konsoli mpya inapokuja, gharama ya kutengeneza mchezo huongezeka mara mbili. Sababu ni rahisi kuelewa. Diski ya PlayStation ya kwanza, ya mwaka 1994, ilibeba kiasi cha megabaiti 650. Mchezo mkubwa wa leo unaweza kupita gigabaiti 100, yaani zaidi ya mara 150. Televisheni mpya inaonyesha kila unywele na kila mkunjo wa nguo, na kila mkunjo unamhitaji mtu wa kuutengeneza.

Bei dukani haikupanda kwa mwendo huo. Huko Marekani ilikaa dola 60 kwa miaka kama 15, ikafika 70 mwaka 2020, na mwaka 2025 Nintendo ikauza Mario Kart World kwa dola 80. Pengo linalobaki lazima lizibwe, na hapa ndipo sisi wazazi tuwe macho. Michezo mingi sasa inaendelea kuuza vitu ndani yake baada ya kununuliwa. Katika michezo ya mpira, mtoto hulipia pakiti ya wachezaji bila kujua atapata nani, kisha analipia nyingine, na nyingine. Ubelgiji, mahali wengi wetu tuna ndugu, ilisema mwaka 2018 kwamba biashara ya namna hii ni kamari, na mwaka uliofuata EA ikaacha kuuza sarafu za FIFA nchini humo.

Pengo hilo linawaangukia pia wafanyakazi. Mwanzoni mwa 2024, Microsoft ilipunguza watu 1,900 katika idara yake ya michezo, na Sony ikatangaza kupunguza 900 na kufunga studio yake ya London. Mwaka huo huo mchezo Concord, uliotengenezwa kwa miaka mingi, ulitolewa mwezi wa nane na kuondolewa baada ya wiki mbili tu. Wanunuzi walirudishiwa pesa zao, na baadaye studio ikafungwa. Kila mmoja wa watu hao ana pango la kulipa na jamaa wanaomtegemea, kama sisi.

Kuna vijana wetu, wasichana pia, wanaosema wanataka kutengeneza michezo wakiwa wakubwa. Tusiwavunje moyo kwa hesabu hizi za mamilioni. Eric Barone, kijana wa Marekani, alitengeneza Stardew Valley peke yake kwenye kompyuta: picha, muziki na programu. Ilimchukua zaidi ya miaka minne. Alifanya kibarua cha kuelekeza watu kwenye viti katika jumba la maonyesho, na mwenzi wake akamsaidia kuishi. Mchezo unahusu kulima shamba, kufuga kuku na kuishi na majirani. Ulitoka 2016, na umeuzwa zaidi ya nakala milioni 40. Wazo lake lingeweza kutoka katika kijiji chochote cha kwetu.

Kwa hiyo tunashauri mambo mawili. Kwanza, kabla ya kumpa mtoto simu yenye pesa, tumwombe atuonyeshe mchezo anaocheza, na tuulize kama ndani yake kuna kitu kinachouzwa. Pili, anayependa kutengeneza aanze na mchezo mdogo, kwenye kompyuta yoyote inayopatikana, aumalize, kisha atuletee tuucheze naye. Mwenye kompyuta ya zamani isiyotumika nyumbani, tafadhali atuambie kwenye mkutano wa juma lijalo.