Goma: mguu uliovimba usiku, na sahani iliyorudisha amani nyumbani

Usiku ule, mtaani Ndosho mjini Goma, mzee mmoja mwenye umri wa miaka 58 aliamka mnamo saa nane akipiga kelele. Kidole gumba cha mguu wake wa kuume kilikuwa kimevimba, kina moto, na ngozi yake inang'aa. Hata kitenge chepesi kikigusa hapo, aliona kama anachomwa na msumari. Watoto waliolala kwenye mkeka katika chumba hicho waliamka wote. Mdogo wake akawasha tochi ya simu, akamulika mguu, akanyamaza. Hakuna aliyejua la kufanya.

Mzee huyo ni mkulima na mfugaji kutoka pande za Kitshanga, wilayani Masisi, mkoani Kivu ya Kaskazini. Vita vilipofika huko mwanzoni mwa mwaka 2023, alikimbia pamoja na mke wake na watoto wanne, akaacha shamba la maharagi na ng'ombe saba. Alipokelewa na mdogo wake. Ni watu kumi na mmoja katika vyumba viwili vya mbao, vilivyojengwa juu ya mawe ya volkano. Ameomba jina lake lisitajwe, kwa sababu habari hii inagusa heshima ya mtu mwingine.

Mtu huyo ni shemeji yake, mke wa mdogo wake. Jioni ya siku ile mzee alikuwa amepata kazi ya kubeba mawe, kazi ya kwanza baada ya wiki nyingi. Njiani alikunywa kasiksi pamoja na wenzake. Alipofika nyumbani alikuta shemeji yake amemuandalia bugali na sambaza za kukaanga, sahani nzima. Alikula zote. Usiku mguu ukawaka.

Asubuhi majirani walikuja kumuona, na neno moja likaanza kuzunguka uani kwa sauti ndogo: karuho. Watu wa Goma na Bukavu wanalijua neno hilo. Mtu akivimba au akikonda bila sababu inayoonekana, wengi husema amelishwa sumu. Na anayeulizwa wa kwanza ni yule aliyepika.

Walimpeleka mzee kwa muganga wa kienyeji. Alipewa mizizi ya kumtapisha na kumharisha, siku mbili mfululizo. Alirudi hana nguvu, midomo imekauka, na uvimbe ukapanda hadi kwenye kifundo cha mguu. Baada ya siku kumi hivi maumivu yalipungua yenyewe. Basi kila mtu akaamini kwamba sumu imetoka.

Tangu siku hiyo nyumba iligawanyika. Mke wa mzee alinunua mbabula yake, akaanza kupika peke yake kwenye kona ya uwanja. Watoto walikatazwa kula kwa mama yao mdogo. Shemeji naye aliacha kuwasalimia. Wakati wa usiku mdogo wake mzee alisikika akimwambia mke wake kwamba mwezi ukiisha, wageni watafute pahali pengine. Familia ya wahami yenye watoto wanne, bila kazi na bila shamba, ingekwenda wapi?

Miezi miwili ikapita, mguu ukarudia. Mwezi uliofuata ukarudia tena. Mara hizo zote chakula kilikuwa kimepikwa na mke wake mwenyewe, juu ya mbabula yake mwenyewe. Binti yake wa kwanza, aliye na miaka 17, ndiye aliyesema kwa sauti yale ambayo wakubwa waliogopa kusema: "Papa, kama ni sumu, basi safari hii ni mama ndiye aliyekulisha?"

Wakati huo mzee alikuwa amezoea kununua vidonge vya diklofenaki, vinavyouzwa kimoja kimoja hata kwenye vibanda vya njiani. Alikuwa anameza viwili asubuhi, viwili usiku, mara nyingi bila chakula. Tumbo lilianza kumuunguza. Binti yake akamshika mkono hadi kituo cha afya.

Muuguzi aliyempokea hakuanza na mguu. Alimuuliza: "Mzee, jana na juzi ulikula nini? Ulikunywa nini? Kwa siku unakojoa mara ngapi?" Tangu aanze kuugua, hakuna mtu aliyekuwa amemuuliza maswali hayo. Alipimwa damu, na asidi ya uriki ilikuwa juu sana. Dokta akamwambia jina la ugonjwa: goute.

Goute si sumu ya mtu. Ndani ya nyama, samaki na vyakula vingine mna vitu vinavyoitwa purini. Mwili ukivivunja, hubaki asidi ya uriki. Figo ndizo zinazoitoa kupitia mkojo. Asidi ikizidi, au figo zikishindwa kuitoa, hugeuka chembe ngumu kama sindano ndogo, zikakaa kwenye viungo. Mara nyingi zinaanza na kidole gumba cha mguu, na mara nyingi ni usiku. Mwili ukipigana na chembe hizo, ndipo panapovimba na kuwaka moto. Shambulio lisipotibiwa huisha lenyewe baada ya siku kadhaa au wiki moja, mbili. Kwa hiyo kila dawa iliyotolewa siku hizo husifiwa bure.

Zamani ulisemwa kuwa ugonjwa wa matajiri, wenye kula nyama na kunywa kila siku. Mzee alicheka aliposikia hivyo, yeye anayelala kwenye mkeka. Lakini dokta alimuonyesha namna maisha ya kukimbia yalivyomuingiza humo.

Kule Masisi alikula maharagi, viazi, mboga, na maziwa ya ng'ombe wake. Goma, chakula chenye ladha kinachopatikana kwa bei ndogo ni sambaza. Samaki hawa, walioletwa Ziwa Kivu kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, wamesaidia familia nyingi na wana faida kubwa kwa mwili, hasa kwa watoto. Ila wao ni wa jamii ya sardini, samaki wenye purini nyingi, na kwa mtu mwenye goute sahani nzima ni mzigo. Pombe huongeza asidi na pia huzuia figo kuitoa. Kukaa na njaa siku mbili, kisha kula kupita kiasi siku ya kupata pesa, nako huamsha ugonjwa.

Jambo lililomshangaza zaidi lilikuwa maji. Nyumbani kwao maji yanatoka mbali, kwa bidoni, na kila bidoni ina bei. Mzee alikuwa anajinyima ili watoto wapate. Tena hakutaka kuamka usiku kwenda chooni juu ya mawe kwa mguu mbovu. Mwili ukikauka, asidi inabaki ndani. Na ile mizizi ya kumtapisha ilikuwa imemkausha zaidi.

Dokta alimuandikia dawa ya kushusha asidi, alopurinoli, akaanza na kipimo kidogo. Akamwambia kwamba dawa hiyo haitulizi maumivu ya usiku mmoja. Inafanya kazi polepole, na haifai kuinunua na kuimeza bila kupimwa. Ngozi ikitoka vipele, aiache na kurudi mbio. Diklofenaki ya kila siku akatazwa, kwa sababu inaumiza tumbo na figo. Lakini akaongeza: "Dawa peke yake, na wewe ukiendelea na kasiksi, tutaonana hapa kila mwezi."

Basi sahani ikabadilika. Kasiksi na pombe ya chupa aliziacha. Maini, mafigo na matumbo aliyaacha pia. Sambaza sasa anaonja chache, siku moja moja, sahani nzima hapana. Nyama, ikipatikana, ni kipande kidogo. Mahali pao pakaingia maharagi, lenga-lenga, sombe, viazi vitamu, yai moja moja, na kikombe cha maziwa anapopata pesa kidogo. Maharagi yana purini pia, lakini hayaonekani kuleta ugonjwa kama nyama inavyoleta, kwa hiyo hakukatazwa. Sukari kwenye chai aliipunguza, na soda akaiacha, kwa sababu sukari nyingi nayo hupandisha asidi. Na kila siku anajaza chupa ya lita moja na nusu maji yaliyochemshwa, anaimaliza kabla ya jua kuzama, kisha anaongeza vikombe viwili.

Kabla ya yote hayo, kulikuwa na jambo moja gumu kuliko kuacha pombe. Jioni ya siku aliyotoka kituoni, alimuomba mdogo wake awaite wake wote wawili. Akasimama kwa fimbo, akasema: "Shemeji, nilikula chakula chako, kisha nikaacha watu wakutukane. Unisamehe." Mama huyo alikaa kimya muda mrefu. Kisha akajibu: "Mzee, sambaza zile nilizikopa. Nilifurahi kwa sababu umepata kazi." Alilia, na mke wa mzee akalia naye. Kesho yake mbabula moja ilirudishwa ndani.

Haikuwa njia iliyonyooka. Miezi mitano baadaye, kwenye matanga ya rafiki yake wa Masisi, mzee alikula maini na kunywa pamoja na wazee wenzake. Usiku wa pili kidole kikawaka. Safari hii hakuna aliyetafuta mchawi. Alikwenda kituoni asubuhi, akapewa dawa, akanywa maji, akasubiri. Anasema maumivu yale yalimfundisha kuliko maneno yote ya dokta. Tangu hapo, kwa miezi minane, hajapata shambulio lingine, na amerudi kwenye kazi ndogo ndogo.

Si kila kiungo kinachouma ni goute. Kiungo kimoja kikivimba na mtu akawa na homa kali, inaweza kuwa maambukizo ndani ya kiungo, na hayo hayangoji. Mtoto anayelia mifupa mara kwa mara apimwe SS. Na mwenye kumeza dawa za tansheni asiziache peke yake. Amuulize dokta, kwa sababu baadhi yake hupandisha asidi.

Leo jioni, pale Ndosho, sufuria ya maharagi iko juu ya mbabula moja, kwa watu kumi na mmoja. Shemeji ndiye anayegawa. Anapofika kwa mzee, anamuwekea kwanza kikombe cha maji, anasimama hapo mpaka akimalize, ndipo anampa sahani.